Kufundisha zama za kati kwa uzi wa hariri: uanze na kiwavi, mtambo au ramani?

Ukishaamua kufundisha zama za kati kwa kuufuata uzi wa hariri, unabaki na uamuzi mwingine mgumu zaidi: uushike uzi huo kwa ncha ipi. Nimefundisha historia sekondari hapa Uganda kwa miaka kadhaa, na somo hili nimelianza kwa njia tatu kwa madarasa tofauti. Mwaka mmoja nilileta viwavi darasani. Mwaka mwingine tulifuma kwa maboksi na misumari. Mwaka mwingine tena sikuleta kitu ila ramani niliyoichora kwenye karatasi ya manila, pamoja na kurasa tatu za maandishi ya watu wa wakati ule. Kila njia ilinipa kitu ambacho nyingine hazikunipa, na kila moja ina mahali iliponiangusha. Walimu wenzangu wakiniuliza nianze na ipi, siwezi kuwajibu kwa sentensi moja.

Kwa nini hariri? Muulize mwanafunzi wa S.2, yaani mwaka wa pili wa sekondari, zama za kati ni nini, atakutajia ngome za mawe na wapanda farasi wenye panga, vitu alivyoviona kwenye filamu. Miaka elfu moja, kuanzia karibu 500 hadi 1500, imekuwa mali ya Ulaya peke yake. Hariri inaivunja picha hiyo bila wewe kuhubiri. Ukikifuata kitambaa hicho utapita Uchina, Uajemi, Konstantinopoli, Baghdad, Palermo, kisha utajikuta Mogadishu na Kilwa, kwa watu waliozungumza lugha iliyo mzazi wa hii tunayoandika. Mtoto wa Mbale au Arua anaona kwamba historia ile ilimpitia jirani.

Vipimo nilivyotumia

Nimezipima njia zote tatu kwa mambo yaleyale: gharama na vifaa, muda unaokula, historia ya zama za kati inayobaki kichwani baada ya somo, mahali somo linapoweza kuharibika, na mwalimu au darasa linalofaa.

Kipimo cha historia inayobaki ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Somo linaweza kuwa tamu, watoto wakashangilia, na bado wakatoka darasani bila kujua nani alifanya kazi ile, nani aliyefaidika nayo, wala tunajuaje. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza kutumika 2020 unataka mwanafunzi atende na afanye miradi, na hilo nalipenda. Lakini mradi wa historia unapaswa kubaki historia.

Njia ya kwanza: kuanza na kiwavi

Vifaa si vingi kama watu wanavyodhani. Unahitaji mayai ya nondo wa hariri, majani ya mforosadi, trei pana za maboksi, na chumba chenye hewa kisichopigwa na jua moja kwa moja. Mforosadi unastawi kwetu, na watoto wengi wanaujua kwa matunda yake, nkenene, hata kama hawajawahi kusikia kwamba majani yake ndiyo chakula cha kiwavi huyo. Kwa kuwa hatuna majira ya baridi ya kuyaangusha majani, mti unaweza kuvunwa karibu mwaka mzima, neema ambayo wafugaji wa hariri wa Ulaya hawakuwa nayo. Mayai ndiyo yanayosumbua. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda, karibu na Kampala, kimeshughulikia hariri, na huko Sheema kuna mashamba ya miforosadi yaliyopandwa kwa mradi wa kitaifa. Anza kwa kumwuliza ofisa kilimo wa wilaya yako. Viwavi 50 wanatosha darasa zima, na tangu kuanguliwa hadi kufuma hawamalizi kilo 2 za majani. Sehemu kubwa ya chakula hicho wanaila katika wiki ya mwisho, kwa hiyo usidanganyike na wiki mbili za mwanzo wanapoonekana kushiba kwa jani moja.

Mayai huanguliwa kwa siku 10 hadi 14. Kiwavi hula kwa karibu siku 25 hadi 28, akijivua ngozi mara 4, kisha hujifumia kifukofuko kwa siku kama 3. Hesabu hiyo inaingia ndani ya muhula mmoja, ila lazima mayai yawe mkononi wiki ya kwanza shule inapofunguliwa. Ukichelewa wiki tatu, wiki ya mitihani itakukuta na viwavi wenye njaa kuliko wakati wowote.

Sasa historia. Siku ya kuuvuta uzi ni siku isiyosahaulika. Unaweka vifukofuko kwenye maji ya moto, gundi inayoushikilia uzi inalegea, unapapasa kwa kijiti mpaka ncha inajitokeza, na unaanza kuvuta. Uzi wa kifukofuko kimoja unaweza kufika mita 900 na hata kuzidi. Darasa langu lilipima kwa uwanja wa riadha wa shule wenye mita 400: mara mbili na zaidi, kutoka kwenye kitu kinachokaa ndani ya ganda la karanga. Kisha unawaambia kwamba uzi mmoja ni mwembamba mno kufumia, ikabidi nyuzi kadhaa zivutwe pamoja. Hapo swali la kazi linajileta lenyewe: nani alikaa akivuta?

Kutoka hapo unaweza kwenda Uchina ya nasaba ya Tang, ambako kaya zililipa kodi kwa nafaka na kwa vitambaa, na hariri ilitumika sokoni kama fedha. Unaweza kwenda kwenye mkataba wa Chanyuan wa 1005, nasaba ya Song ilipokubali kuwapa majirani zake wa kaskazini, Waliao, majora 200,000 ya hariri kila mwaka pamoja na fedha. Jora moja lilikuwa na takriban mita 12. Waache wanafunzi wapige hesabu wenyewe. Wangu walipata kilomita 2,400, karibu sawa na safari ya barabara kutoka Kampala hadi Mombasa kwenda na kurudi. Kila mwaka. Msichana mmoja aliyekuwa zamu ya kulisha viwavi 50 alikaa kimya kidogo, kisha akauliza ni wanawake wangapi waliamka alfajiri kuchuma majani kwa ajili ya amani hiyo. Sijawahi kupata swali bora kutoka kwa mtoto wa miaka 14.

Na kuna kisa cha Konstantinopoli, mji mkuu wa Bizanti, dola ya Warumi wa mashariki. Karibu mwaka 552, wakati wa Kaisari Justinian, mayai ya nondo wa hariri yaliingia Bizanti, na Warumi wa mashariki wakaanza kuzalisha hariri yao badala ya kuitegemea Uajemi. Procopius, aliyeishi wakati huohuo, anasema walioyaleta walikuwa watawa, na kwamba mayai yalifunikwa kwa samadi ili yapate joto. Mwandishi mwingine, Theophanes wa Bizanti, anasema aliyeyaleta alikuwa Mwajemi mmoja aliyeyaficha ndani ya fimbo. Vitabu vingi vya watoto vimechanganya visa hivi viwili na kupata watawa wenye fimbo. Mpe mwanafunzi masimulizi yote mawili, muulize kipi kinapatana na kipi kinapingana, na tayari anafanya kazi ya mwanahistoria. Aliyelisha viwavi ataongeza swali ambalo mwanahistoria wa mezani huenda asilifikirie: mayai yangeanguliwa njiani, wangekula nini?

Tuje kwenye kasoro. Viwavi hufa kirahisi. Mwaka wangu wa kwanza jirani alipulizia dawa nyanya zake upande wa pili wa ua, upepo ukaileta kwenye mforosadi wetu, tukachuma majani bila kujua. Kesho yake asubuhi trei nzima ilikuwa imelala. Tuliomboleza, na nilijifunza kuuliza majirani wote kabla ya kuanza. Sisimizi nao ni maadui. Simamisha miguu ya meza kwenye vikopo vya maji. Fikiria pia Jumapili na mapumziko ya katikati ya muhula, maana kiwavi hajui sikukuu. Tena ili uzi utoke mzima lazima pupa aliye ndani afe, kwa sababu nondo akitoka hutoboa kifukofuko. Waambie watoto mapema, na bakiza vifukofuko kadhaa nondo watoke, watage na kufa kwa wakati wao. Watoto wetu wanaokaanga nsenene kila Novemba hawashtuki sana, lakini wapo wanaohuzunika, na huzuni yao iheshimiwe.

Kasoro kubwa, nionavyo mimi, ni kwamba kiwavi anafundisha sayansi kwa urahisi kuliko historia. Anafuma leo vilevile alivyofuma mwaka 600. Mwenyewe hana tarehe. Usipomwekea tarehe wewe, somo litaishia kwenye baiolojia nzuri sana.

Njia hii inamfaa mwalimu aliye karibu na mforosadi, mwenye klabu au bweni la wanafunzi wa kupokezana zamu, na mwenye rafiki katika idara ya baiolojia anayekubali kugawana vipindi. Haimfai anayefundisha shule mbili na kufika kwa bodaboda mara mbili kwa wiki.

Njia ya pili: kuanza na mikono

Hapa unaanza na kitambaa na namna kinavyotengenezwa. Gharama ni ndogo sana: boksi gumu lililokatwa meno juu na chini, au fremu ya mbao yenye misumari, nyuzi za pamba, na kijiti cha kupitishia. Unatandika mtande (nyuzi za urefu), unapitisha mshindio (uzi wa kukatiza) juu na chini, na kwa vipindi viwili mtoto ana kitambaa cha upana wa kiganja. Ukitaka rangi, maganda ya vitunguu na manjano yanapatikana kila jikoni, na shabu ya kushikisha rangi inauzwa sokoni. Manjano hushika hata bila shabu lakini hupauka juani haraka, na hilo lenyewe ni somo: kwa nini mfalme alilipa fedha nyingi kwa wekundu usiopauka?

Zoezi la kufungulia ninalolipenda kuliko yote ni la moto. Omba kwa fundi cherehani vipande vya kitambaa cha gomesi, vazi la heshima la wanawake wetu, kinachouzwa kama hariri, na kimoja cha hariri halisi ukikipata. Choma ncha za nyuzi chache juu ya sahani ya bati, maji yakiwa karibu. Hariri hutoa harufu ya nywele zilizoungua na majivu yake husagika kwa kidole. Poliesta huyeyuka na kuwa tone gumu jeusi. Watoto hushangaa kugundua ni ngapi kati ya “hariri” za mtaani ni plastiki, na ghafla wanaelewa kwa nini wafanyabiashara na wafalme wa zamani walikuwa na wakaguzi na mihuri ya vitambaa.

Kwa upande wa historia, njia hii ndiyo tajiri kuliko zote kwa maoni yangu, kwa sababu kitambaa kilichosalia kina tarehe, mahali na mwenyewe. Chukua joho la Mfalme Roger II wa Sicily, kisiwa cha kusini mwa Italia ambako ndiko uliko mji wa Palermo. Ni la hariri nyekundu iliyotiwa rangi ya wadudu waitwao kermesi, limetariziwa kwa dhahabu na lulu: simba wawili wamewaangusha ngamia, na katikati yao mtende. Pembeni pana maandishi ya Kiarabu yanayosema lilitengenezwa katika karakana ya kifalme, Palermo, mwaka 528 wa Hijria, yaani 1133 au 1134. Mfalme Mkristo, mafundi wanaoandika Kiarabu, rangi iliyofika kwa biashara ya bahari. Leo liko Vienna, kwa sababu wafalme wa Ujerumani waliorithi Sicily walilichukua na likatumika kuwatawaza wengine kwa karne nyingi.

Weka kando ya joho hilo habari ya mwaka 1147, meli za Roger zilipovamia Thebes na Korintho zikawateka wafumaji wa hariri na kuwapeleka Palermo. Mara nyingi imeandikwa kwamba hapo ndipo hariri ya Sicily ilipoanzia. Lakini joho lilikwisha kutengenezwa zaidi ya miaka 10 kabla. Waulize wanafunzi: kama karakana ilikuwapo tayari, mateka walihitajika kwa nini? Majibu yao huwa mazuri. Mmoja aliniambia, “Mwalimu, hata timu yenye wachezaji hununua wengine.” Tukaanzia hapo kuzungumza tofauti ya kumnunua mchezaji na kumteka mfumaji pamoja na mikono yake.

Kuna pia Lucca, mji wa Italia uliotajirika kwa hariri, ukaporwa 1314, na wafumaji wake wakatawanyika Venice, Florence na Bologna wakiwa wamebeba ufundi vichwani. Darasa lenye watoto waliokimbia vita kutoka Kongo au Sudan Kusini halihitaji maelezo marefu kuhusu fundi anayevuka mpaka bila mali ila ujuzi. Kuna Paris ya karne ya 13, ambako Étienne Boileau aliandikisha kanuni za vyama vya mafundi, na baadhi ya vyama vya kazi ya hariri vilikuwa vya wanawake, wenye kanuni zao za kufundisha wanagenzi. Na kuna mtambo mkubwa wa kufumia maua, uliohitaji watu wawili, mfumaji na msaidizi wa kuvuta kamba. Ukiwapa wanafunzi wawili fremu moja, mmoja akainua nyuzi kwa amri ya mwenzake, watagundua ndani ya dakika 10 kwamba ua moja dogo ni mazungumzo marefu.

Mwisho, mfuate mfumaji mpaka kwetu. Wareno walipofika pwani karibu 1500 waliwakuta watu wa Kilwa na Mombasa wamevaa pamba na hariri. Huko Sofala, katika Msumbiji ya leo, waliandika kwamba wafumaji walifumua vitambaa vya rangi vilivyotoka Cambay, bandari ya India, ili wapate nyuzi za rangi, wakazichanganya na pamba yao nyeupe. Mwaka 1569 padre Monclaro alisifu vitambaa vya hariri vya Pate, kisiwa kilicho karibu na Lamu, akasema vinatengenezwa huko peke yake na kuuzwa miji mingine. Tarehe hiyo inavuka kidogo mpaka wa zama za kati, lakini siiachi. Mpe mtoto kipande cha kitambaa akifumue uzi baada ya uzi na kukifuma upya kwa namna yake. Atajua kwa vidole vyake kwamba Mswahili hakuwa mnunuzi tu wa vitu vya wengine.

Mahali panapoharibika ni idadi. Darasa la watoto 80 na fremu 10 ni ghasia. Unagawa makundi, nusu wanafuma na nusu wanasoma, na unahitaji mwalimu wa pili. Jambo jingine ni kwamba pamba si hariri: uzito, mng'ao na namna ya kupokea rangi ni tofauti, na lazima uliseme hilo wazi. Vilevile watoto Waislamu watakukumbusha, kwa haki kabisa, kwamba wanaume wamekatazwa kuvaa hariri. Usilikwepe. Ni mlango wa kuingilia Baghdad na Misri, ambako karakana za watawala zilifuma vitambaa vyenye jina la khalifa, na ambako kulikuwa na kitambaa kiitwacho mulham, mtande wa hariri na mshindio wa pamba. Mwalike mwalimu wa dini aeleze. Kwangu kipindi hicho kilikuwa tulivu kuliko vyote.

Kwa muda, tenga vipindi 4 hadi 6. Njia hii inamfaa mwalimu mwenye darasa la wastani au klabu, asiyeogopa vurugu kidogo, na aliye tayari kusoma mapema habari za kitambaa kimoja au viwili kwa undani badala ya kugusa kila nchi.

Njia ya tatu: kuanza na ramani na maandishi

Hii haina gharama ila chaki, karatasi na nakala chache. Inachukua vipindi 2 au 3, na inaingia moja kwa moja kwenye mada za pwani ya Afrika Mashariki na wageni wake. Kwa mwalimu anayekimbizana na mtihani, ndiyo inayosameheka kirahisi zaidi mbele ya mwalimu mkuu.

Mimi huanza na jina lenyewe. “Njia ya Hariri” ni jina lililoenezwa na Mjerumani Ferdinand von Richthofen mwaka 1877. Mfanyabiashara wa karne ya 10 hakujua kwamba yuko juu ya njia yenye jina hilo, na wengi hawakuimaliza. Bidhaa zilipokezwa mkono kwa mkono, mji kwa mji. Futa basi mstari mmoja mwekundu kwenye ramani, chora vipande vifupi vingi, na uongeze vya baharini vinavyoletwa na pepo za msimu.

Kisha mlete Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyepita pwani yetu 1331. Mogadishu alipokewa kwa kupewa nguo, ikiwamo ya hariri ya kujifunga kiunoni, na akamwona sheikh wa mji akitembea chini ya miavuli minne ya hariri ya rangi, kila mmoja na ndege wa dhahabu juu yake. Kilwa alishuhudia kisa cha sultani aliyeombwa na fakiri kutoka Yemen nguo alizozivaa, akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe sultani alizikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi, na sultani akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Soma kisa hicho polepole darasani. Wanafunzi huanza kwa kumsifu sultani kwa ukarimu, kisha mmoja huinua mkono na kuuliza kuhusu wale watumwa. Sikiliza ukimya unaofuata, usiukatize.

Miaka mingi baadaye msafiri huyohuyo alifika Uchina, katika bandari aliyoiita Zaytun, ambayo leo ni Quanzhou, akataja vitambaa vilivyopewa jina la mji huo. Na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifika mbele ya mfalme wa Uchina, na meli za Zheng He, amiri wa Uchina, zikaja pwani yetu miaka michache baadaye. Kwa kurasa mbili tu, mwanafunzi ameona bahari nzima.

Uganda iko wapi kwenye ramani hiyo? Iweke. Makazi ya kale ya Ntusi na mahandaki ya Bigo bya Mugenyi karibu na mto Katonga ni ya miaka hiyohiyo, na watu waliochimba mahandaki ya zaidi ya kilomita 10 walikuwa na watawala, ng'ombe na mpangilio wa kazi. Lakini nakusihi usilazimishe hariri ifike Bigo ili kuwafurahisha watoto. Thamani ya Bigo haihitaji hariri. Vitambaa vya pwani tunaviona wazi Buganda baadaye sana, Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka Ssuuna mwaka 1844.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba yote yanapita masikioni. Mwanafunzi anayesoma kwa shida anaachwa nyuma, na wengine husahau baada ya wiki mbili. Tena maandishi mengi yaliandikwa na wasafiri na watu wa mabaraza, si wafumaji; ukifuata ramani peke yake, mwanamke aliyevuta uzi hatajwi hata mara moja. Inamfaa mwalimu mwenye muda mfupi, darasa kubwa sana, au wanafunzi wa S.5 na S.6 wanaohitaji kuzoea kuhoji chanzo.

Na lubugo je?

Wazazi huniuliza kwa nini hariri ya wageni na si lubugo, vazi letu. Ni swali zuri. Mimi sivishindanishi. Lubugo linatokana na gome la mutuba. Gome linabanduliwa, shina linafunikwa kwa majani ya migomba, na mti unaotesha gome jipya. Halisokotwi wala halifumwi, linapigwa kwa nyundo za mbao mpaka linapanuka. Wafalme na machifu walivaa lililotiwa weupe au weusi, na wengine wakavaa lenye rangi yake ya udongo. UNESCO ililitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Liweke kando ya hariri kwenye njia yoyote kati ya hizi tatu: mti unaozaa nguo kando ya mti unaomlisha mdudu, rangi ya mfalme kando ya rangi ya mfalme. Huko wilaya ya Mpigi wapo mafundi wa ukoo wa Ngonge ambao kazi hii ni yao tangu mababu. Kipindi kimoja nao kinazidi picha 20 za kitabuni.

Kuna hariri ya pori pia. Anaphe, nondo anayeishi hapa kwetu, hutengeneza viota vya pamoja, na Wayoruba wa Nigeria hufuma vazi la heshima liitwalo sanyan kutokana na hariri ya jamaa zake. Litaje darasani, lakini usiwaache watoto waokote viota hivyo: manyoya ya viwavi wake huwasha ngozi vibaya.

Uchague kwa hali yako

Una vipindi viwili na watoto 90: chukua ramani, na utumie kisa cha nguo za sultani wa Kilwa tu, ukikisoma vizuri. Usijaribu kupita nchi zote.

Una muhula mzima na klabu ya Jumamosi: kiwavi na mikono pamoja, maana wiki za kusubiri vifukofuko ndizo za kufundishia kufuma. Pima kila wiki kama kuna tarehe na jina la mahali lililoingia kwenye daftari. Kama hakuna, simamisha trei usome kisa cha 552.

Darasa lako lina wakimbizi, au watoto ambao wazazi wao ni mafundi cherehani, wasusi na wapaka rangi: anza na mikono. Waulize wazazi waje. Mara nyingi wanajua mtande na mshindio kuliko mwalimu, na mtoto humwona mzazi wake kwa macho mengine.

Unamfundisha mwanao nyumbani na una mforosadi uani: kiwavi, bila kusita, viwavi 10 tu, na ramani ukutani ili kila Jumapili mweke alama ya mji mmoja ambako hariri ilipita.

Unawaandaa S.6 kwa mtihani: ramani kwanza, kisha joho la Roger II kama chanzo cha kuhoji, na lete angalau kifukofuko kimoja kikavu kipite mkononi mwa kila mmoja wakati mnabishana kuhusu 1147.

Na kama huna hakika, omba vifukofuko vitatu, chemsha maji Ijumaa baada ya vipindi, uvute uzi mwenyewe kabla ya kuwaita wanafunzi. Utajua jioni hiyohiyo ni swali lipi unataka wakuulize Jumatatu.